Kufunga pikipiki za theluji ndani ya tela la boksi: kibano cha skii au mikanda ya racheti?

Msafiri_MN

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaoyajua matela.

Tela ni la boksi, la alumini. Upana wa ndani ni mita 2.4, sakafu ni mita 6.7 kabla ya pua ya V. Lina ekseli mbili, breki za umeme, mlango mkubwa wa kushushia nyuma na mwingine mbele upande wa kulia. Sakafu ni plaiwudi ya mm 19 juu ya mihimili ya alumini, kila mhimili sm 40 kutoka mwenzake. Uzito wa tela tupu ni kilo 1,150.

Mzigo ni pikipiki tatu za theluji. Mbili ni za njia za kawaida, injini ya mipigo minne, kila moja kama kilo 290 ikiwa na mafuta, upana mita 1.22 kwenye skii. Ya tatu ni ya milimani, traki (mkanda wa mpira unaoisukuma kwenye theluji) ya inchi 154, nyembamba, kilo 235. Njia ni Minneapolis hadi Duluth, jimbo la Minnesota, kwa barabara kuu ya I-35, halafu barabara ya 61 kando ya Ziwa Superior kwenda kwenye maegesho ya North Shore State Trail, njia ya pikipiki za theluji.

Tela limekuja na pete sita za D (pete za chuma za kufungia mikanda sakafuni), zote zimeshikwa na skrubu za mbao. Maswali yangu: nitumie kibano cha skii au mikanda? Nishike sehemu gani ya pikipiki? Saspensheni ikandamizwe au iachwe icheze? Na zipangwe vipi, maana mbili za 1.22 hazitoshi sambamba.

FundiChuma

Mkuu, kabla ya kununua chochote, ng'oa hizo pete. Pete ya D yenyewe inaweza kuwa imeandikwa uwezo mkubwa sana, lakini uwezo ule ni wa chuma, si wa skrubu nne zilizouma mm 19 za plaiwudi. Skrubu ya mbao hushika vizuri ikivutwa ubavuni. Ikivutwa juu, na mkanda siku zote huvuta kwa pembe ya kupanda, hutoka na unga wa mbao. Plaiwudi iliyonyweshwa maji ya theluji misimu miwili haishiki hata hivyo.

Kila mahali pa kufungia, toboa mpaka chini na upitishe bolti. Ukubwa wa inchi 3/8 unatosha kwa pete, na 1/2 kwa kibano cha skii. Chini ya sakafu weka bamba la chuma la mm 6, sm 10 kwa sm 10, na nati ya kujifunga yenye nailoni ndani. Usitegemee washa peke yake, itazama kwenye mbao taratibu kila unapokaza mpaka siku moja ipite. Pakiwezekana, panga tundu liangukie kwenye mhimili au bamba lilale likigusa mihimili miwili. Kwa mihimili ya kila sm 40 utahitaji bamba refu, kipande cha chuma cha pembe cha sm 45 kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mambo mawili watu huyaruka. La kwanza, ukingo wa tundu. Plaiwudi hunywa maji kupitia ukingo uliokatwa, si kupitia uso wake. Pakaa gundi ya polyurethane ndani ya tundu kabla ya kupitisha bolti, na nyingine chini ya kichwa chake. La pili, chuma na alumini vikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Barabara za Minnesota wakati wa baridi ni chumvi tupu, na chumvi hiyo hurushwa na matairi moja kwa moja chini ya tela. Tumia bolti zisizoshika kutu na uweke karatasi nene ya plastiki au mpira mwembamba kati ya bamba na mhimili.

Na kabla ya kushika drili, lala chini ya tela uangalie nyaya. Waya wa breki na wa taa mara nyingi hupita katikati, palepale unapotaka kuweka kibano.

Rehema_Ontario

Fundi kaeleza nanga. Mimi nieleze kinachoshikwa.

Kwa mbele tumia kibano, usisumbuke na mikanda. Kibano ni ule mhimili mmoja unaolala juu ya skii zote mbili, wenye bolti ndefu katikati na mpini wa kukazia. Kinalala wapi ndiyo siri yake: nyuma ya mkunjo wa ncha ya skii, mbele ya mguu wa skii, yaani pale spindo (chuma cha wima kinachobeba na kugeuza skii) inaposhuka kuikamata skii. Kikikaa hapo, pikipiki ikitaka kwenda mbele unapofunga breki, mguu wa skii unagonga kibano. Ikitaka kurudi nyuma, mkunjo wa ncha unanasa kwenye kibano. Kwa hiyo hata msuguano ukipungua, chuma chenyewe kinazuia. Ukikiweka juu ya ncha, huna hata kimoja kati ya hivyo viwili, una plastiki inayokunjika tu.

Kaza kwa mkono mpaka skii ziache kucheza, halafu robo mzunguko zaidi. Ukiongeza spana unakunja mhimili, unainua plaiwudi, na kabidi (vyuma vigumu vya kuuma barafu) za chini ya skii zinachimba sakafu kama patasi. Chini ya kila skii weka kipande cha polyethilini ngumu, unene wa mm 10 hadi 12, chenye mfereji wa kabidi kupita. Hicho kinaokoa sakafu na kinaielekeza pikipiki inapoingia. Ila kumbuka, plastiki hiyo inateleza, na ukishaiweka huwezi tena kusema "itakaa yenyewe, tela ni dogo".

Kwa nyuma, mkanda mmoja wa racheti au kibano cha nyuma. Nyuma haihitaji nguvu nyingi ya kuizuia kwenda mbele, kibano cha mbele kinafanya hivyo. Kazi ya nyuma ni kuzuia mkia usiruke na kuhamia pembeni kwenye mashimo. Mkia ukiachwa huru, pikipiki inageuka kidogo kidogo ikizunguka kibano, mpaka traki inagusa ukuta, na ule ukuta wa alumini ni mwembamba mno. Mpango ninaoupendelea: mikanda miwili mifupi kutoka bampa ya nyuma, mmoja kulia mmoja kushoto, kila mmoja ukishuka kwa pembe ya karibu digrii 45 kuelekea nyuma na nje. Hapo unazuia mbele, juu na pembeni kwa pamoja.

Mkanda uwe wa poliesta, si nailoni. Nailoni ikilowa inarefuka, na humu ndani kila kitu kinalowa. Chagua ndoano zenye kifungio cha kuzuia zisichomoke. Soma lebo: mkanda wa inchi moja wa kawaida huwa na uwezo wa kazi wa kilo 227 na hukatika karibu na kilo 680. Namba ya kufanyia hesabu ni ile ndogo.

Kaka_wa_Igoma

Mbona mnafanya kazi kuwa ngumu wadau. Pikipiki ni pikipiki. Mkanda kwenye usukani kulia na kushoto, vuta mpaka shokamzoba za mbele zifike mwisho, haiendi popote. Na mkanda uusokote mara moja ili usipige kelele. Bodaboda zinapakiwa kwenye Canter hivyo hivyo na zinafika.

FundiChuma

Kaka, bodaboda kwenye Canter inafungwa usukani kwa sababu ina matairi mawili, isipovutwa juu pande zote mbili inaanguka. Pikipiki ya theluji inasimama yenyewe: ina skii mbili na traki, kitu pana na cha chini. Tatizo lake si kuanguka. Inateleza na kuruka, na usukani hausaidii lolote kati ya hayo mawili. Nguzo ya usukani wa hizi mashine ni bomba jembamba lenye viungo, na kwenye za milimani wanaifanya nyembamba zaidi ili kupunguza uzito. Ikivutwa chini kwa saa tatu barabarani inapinda, na unaigundua ukiwa njiani kwenye theluji usukani ukiwa umeelekea kushoto wakati skii ziko sawa.

Kukandamiza shokamzoba mpaka mwisho kuna shida nyingine. Ukifika mwisho huna tena pa kukazia, lakini tela likipita shimo saspensheni inaweza kushuka milimita chache zaidi kwa sababu ya raba za mwisho. Sekunde hiyo mkanda unalegea, ndoano isiyo na kifungio inachomoka kwenye pete, na kilichobaki ni safari isiyofungwa. Ongeza na sili za shokamzoba kukaa zimebanwa kwenye baridi.

Kanuni ninayofuata: shika kilicho chini, acha kilicho juu kicheze. Skii zimebanwa sakafuni, chesesi inapumua juu ya saspensheni yake yenyewe. Nyuma vuta bampa ishuke sm 4 hadi 5 tu, kiasi cha mkanda kubaki na mvutano hata mkia ukidunda.

Kusokota mkanda ni kwa mzigo ulio nje, upepo unaupiga mkanda ulionyooka unatetemeka. Ndani ya boksi hakuna upepo. Mkanda uliosokotwa humu hauna faida yoyote.

Kaka_wa_Igoma

Nimekupata mkuu. Ila ya milimani bampa yake ya nyuma ni kama waya, nayo nivute hiyo?

Rehema_Ontario

Hapana, kwenye ya milimani usivute bampa. Imeshikwa kwa riveti kwenye bodi nyembamba ya alumini juu ya traki, na riveti zinalegea. Pitisha mkanda laini wa kitanzi kuzunguka ekseli ya nyuma ya saspensheni, ile yenye magurudumu madogo yanayogeuza traki, kisha unganisha racheti kwenye kitanzi. Umeshika sehemu ya chini kabisa, saspensheni yote iko huru, na mkanda haulegei hata bodi idunde vipi. Hakikisha kitanzi hakigusi misumari ya traki kama imewekewa, itakikata.

Usishike pia mikono ya juu ya saspensheni ya mbele wala bampa ya mbele. Mikono ni mabomba yaliyotengenezwa kubeba nguvu kwa urefu wake, ukiivuta katikati inapinda.

Mzee_Baridi

Vijana mmejibu vizuri, lakini swali la mpangilio limebaki, na ndilo linalopindua magari.

Uzito unaokaa kwenye tufe la gari (lile la chuma nyuma ya gari linalobeba kichwa cha tela) uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Chini ya hapo tela linaanza kuyumba mkia, na likishaanza kwenye mteremko ni vigumu kulituliza. Tela lako likibeba pikipiki tatu (kilo 815) na vifaa kama kilo 120, jumla ni karibu kilo 2,085. Unataka kati ya kilo 209 na 313 kwenye tufe.

Nimefanya makadirio nikichukulia katikati ya ekseli zako ni mita 4 nyuma ya mwanzo wa boksi, kutoka hapo hadi tufe ni mita 6.6, na tela tupu linaegemea tufe kwa asilimia 10. Pima lako, zitatofautiana kidogo.

Ukitanguliza ya milimani mbele na mbili nzito nyuma, tufe linabaki na kilo kama 123. Ukiweka na vifaa nyuma zinashuka hadi 87, yaani asilimia 4. Usiendeshe hivyo. Mpangilio huo unaweza kuokolewa tu kwa kujaza vifaa vyote kwenye pua, na hapo unafika karibu 207, chini kidogo ya asilimia 10.

Ukitanguliza mbili nzito mbele, ya milimani nyuma, unapata kama kilo 316. Ukiweka vifaa nyuma kabisa zinashuka mpaka 280, asilimia 13 na kidogo. Huu ndio mpangilio ninaoushauri. Lakini soma kibao cha kiungio cha gari lako. Vingi vya kawaida vinaruhusu kilo 227 tu kwenye tufe, pauni 500, bila mfumo wa kugawa uzito (nondo zinazohamishia sehemu ya uzito huo kwenye ekseli nyingine). Kama chako ni hicho, ama weka mfumo huo, ama zirudishe hizo nzito mbili nyuma kidogo mpaka namba ikae.

Kupima si lazima uende mizani ya malori. Chukua ubao imara, upande mmoja uegemee kipande cha bomba juu ya tofali, upande mwingine uegemee bomba juu ya mizani ya bafuni, umbali kati ya mabomba ukiwa sm 90. Kichwa cha tela kikae kwenye ubao sm 30 kutoka upande wa tofali. Unachosoma kwenye mizani zidisha mara 3. Kilo 83 kwenye mizani ni kama 250 kwenye tufe. Matairi yawekewe kabari na tela liwe limelala usawa, likiinuka pua utasoma uongo.

Sasa upana. Mita 1.22 mara mbili ni 2.44, una 2.40, na unahitaji nafasi ya mkono. Zipishanishe. Ya kulia itangulie, pua yake iingie ndani ya V kama sm 60. Ya kushoto ikae nyuma yake kwa sm 50, ili skii yake ya kulia iangukie pembeni ya ubao wa miguu wa mwenzake, ambapo mashine ni nyembamba. Vibano viwili havitakuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo usitoboe kabla ya kuziingiza na kuchora chaki sakafuni. Ya milimani inabaki na kama mita 3.7 nyuma, inatosha, iweke katikati. Nimeitaka ya kulia itangulie kwa sababu mlango wako wa mbele uko kulia, itatoka ya kwanza bila kugeuzwa.

Na jambo la mwisho kwenye hili: usipakie wala usishushe tela likiwa halijaunganishwa na gari. Pikipiki ya kilo 290 na mtu wa kilo 80 wakiwa kwenye bawaba ya mlango wa nyuma wanainua pua ya tela tupu. Kama ni lazima, shusha jeki mbili za nyuma kwanza.

Msafiri_MN

Shukrani sana mzee, dada Rehema na fundi. Kibao cha kiungio kinasema pauni 500, kwa hiyo nitatafuta mfumo wa kugawa uzito. Mawili tu zaidi: wengine wanasema wakifika mikanda inakuwa imelegea ingawa waliikaza vizuri, kwa nini? Na harufu ya petroli ndani ya boksi ni ya kawaida?

Rehema_Ontario

Inalegea kwa sababu ya barafu. Unapopakia jioni baada ya siku nzima njiani, theluji iliyogandamana imejaa kwenye saspensheni ya nyuma, juu ya traki na kwenye mbao za miguu. Saspensheni imegandia juu, haishuki. Unakaza mkanda dhidi ya barafu. Ndani ya boksi kukipata joto la jua au la injini zilizozimwa karibuni, barafu inaachia, kitu kinashuka sm 2 au 3, na mkanda unaning'inia. Hata kibano cha mbele kinalegea kama kulikuwa na theluji chini ya skii.

Dawa: kabla ya kupandisha, gonga theluji itoke kwa nyundo ya mpira au brashi ngumu, hasa kati ya reli za saspensheni. Skii zifutwe chini. Ikishakuwa ndani, ipande uidundishe mara mbili tatu kabla ya kukaza nyuma. Halafu simama baada ya kilomita 15 hadi 20 ukaze tena, na kila unapojaza mafuta. Kwa njia yako simama kabla ya Thompson Hill, ule mteremko mrefu wa I-35 unaoingia Duluth. Pale ndipo mzigo wote unaegemea mbele, na si mahali pa kugundua kuwa mkanda umelegea.

Kurudi ni kinyume chake: maji yaliyoyeyuka yanaganda usiku, traki inashikana na sakafu na nyuzi za bolti ya kibano zinaganda. Pakaa grisi ya kuzuia kushikana kwenye nyuzi mwanzo wa msimu. Racheti iliyoganda inyunyizie maji ya kuoshea kioo cha gari, yale ya baridi kali. Maji ya moto usitumie, yanaganda tena ndani ya racheti, na safari hii mpaka kwenye meno. Traki iliyoshikana usiing'oe kwa kuvuta mafuta, itaachia ghafla na pikipiki itaruka. Inua mkia kwa mkono, au kwa jeki ndogo, mpaka usikie imeachia.

Mikeka ya mpira ni mizuri kwa traki kushika, lakini ikate vipande na uache nafasi ya sm 2 au 3 kati yake, na uitoe nje ukifika nyumbani. Mkeka mzima unafunika maji, plaiwudi inaoza chini yake na bolti zote alizoeleza fundi zinabaki zimeshika uji. Vifuniko vya pikipiki navyo acha, ndani ya boksi vinatunza unyevu tu.

Mzee_Baridi

Petroli. Harufu kidogo hutoka kwenye tundu la kupumulia tangi, lakini usiizoee. Usijaze tangi mpaka shingoni kabla ya safari. Mafuta yaliyotoka kwenye pampu ya baridi yakipata joto yanatanuka na kumwagika kupitia kipumulio. Acha robo wazi. Kama mashine ina koki ya mafuta, ifunge. Madumu ya akiba yafungwe wima, na bora yakae nje ya boksi kabisa.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni. Kwa hiyo tundu la hewa la kwenye paa peke yake halitoshi, lazima liwepo jingine chini ubavuni, na yote yawe wazi safarini. Ukifungua tela ukakuta harufu kali, usiwashe taa ya ndani wala usiguse swichi ya jeki ya umeme. Fungua milango ya mbele na nyuma, usubiri upepo upite. Hita ya gesi isiwashwe gari likiwa linatembea, na chupa yake ifungwe koki.

Kaboni monoksidi pia, ile gesi ya sumu ya moshi wa injini. Injini inawashwa kwa ajili ya kuingia tu, milango yote miwili wazi, inazimwa skii zinapofika mahali pake. Anayeendesha avae ile kamba ya swichi ya kuzimia mkononi, na mtu yeyote asisimame kati ya pua ya pikipiki na ukuta. Traki ikishika mpira ghafla baada ya kuteleza kwenye plastiki, mita moja inaisha kabla ya kidole kuachia mafuta.

Kijana_wa_Bukavu

Kwa anayetaka kujua mikanda inatosha au la: kanuni za shirikisho za Marekani kwa malori ya biashara zinataka mzigo ustahimili mara 0.8 ya uzito wake kuelekea mbele, na 0.5 kuelekea nyuma na pembeni. Mtu binafsi na tela lake hafungwi nazo moja kwa moja, lakini ni kipimo kizuri. Pikipiki ya kilo 290 ni kama kilo 232 kuelekea mbele na 145 pembeni. Mkanda wa kilo 227 uliofungwa kwa digrii 45 unachangia kama kilo 160 tu kwa usawa, na ule unaovuta kuelekea mbele hauzuii chochote unapofunga breki. Mikanda miwili ya nyuma alivyoielekeza dada Rehema ni chini kidogo ya 320 kwa mbele, kwa kuwa inavuta na nje pia, juu ya kile kinachozuiwa na kibano. Ina maana hata kibano kikishindwa, bado una kinachoizuia pikipiki.

Na breki. Minnesota inadai tela la pauni 3,000 na kuendelea, ambayo ni kilo 1,360, liwe na breki zake. Wewe uko mbali juu ya hapo, kwa hiyo zijaribu kabla ya kutoka: mwendo mdogo kwenye eneo tupu, bana breki ya tela peke yake kwa mkono kwenye kidhibiti chake kilicho ndani ya gari, gari lote lipunguze mwendo. Chomoa pia pini ya swichi ya dharura (inayofunga breki tela likichomoka kwenye gari) uone kama magurudumu yanajifunga, kisha uirudishe. Betri yake hufa kwenye baridi kimyakimya.

Msafiri_MN

Nimechungulia chini kama fundi alivyosema. Waya wa breki unapita katikati kabisa, palepale panapotakiwa bolti ya kibano cha ile ya milimani.

FundiChuma

Usiusogeze kwa kuuvuta, utalegeza viungo vyake kwenye ekseli. Hamisha kibano. Kinaweza kukaa sm 8 kulia au kushoto ya katikati na pikipiki nayo ikahamia hapo, kilo 235 kwa sm 8 tela halitazihisi. Ukishapata mahali, chora alama kutokea chini ukipima kutoka kwenye mihimili, toboa tundu dogo la mm 3 kutoka chini kwenda juu kwanza, halafu panua kutoka juu kwa drili ya inchi 1/2. Funga kipande cha mpira kwenye drili kama kizuizi, isishuke zaidi ya mm 25.